Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mombasa: Tupeni Mji wa Kutembea kwa Miguu

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi nyote mliobeba dhamana ya Mombasa: mlio kwenye kaunti, wenye barabara, mitaro, taa, taka na vibali vya ujenzi, mlio kwenye serikali kuu, wenye ulinzi wa mambo ya kale, na ninyi wa utalii mnaoinadi pwani yetu ng'ambo. Assalaam alaykum, na heshima yangu kwenu kabla ya yote.

Ombi langu ni moja. Mombasa iwe mji ambao mtu, awe mgeni wa ng'ambo, awe wa bara, awe mtoto wa hapa hapa Majengo, anaweza kuuzuru kwa miguu kutwa nzima: aanzie ngomeni asubuhi, ashuke Mji wa Kale hadi bandari ya majahazi, apande hadi soko la Marikiti, na jioni akae bustani ya Mama Ngina akitazama meli zikiingia Kilindini. Na afanye hivyo bila kuvunjika mguu, bila kubanwa na haja akakosa pa kwenda, bila kuzidiwa na jua, na bila kuwakera wanaoishi humo.

Kwa sasa hayo ni magumu mno. Basi la watalii husimama mbele ya Ngome ya Yesu, watu wakashuka, wakazungushwa kwa saa moja na ushei, wakapiga picha kando ya mizinga, wakanunua kinyago, wakarudishwa mahotelini Nyali au Diani kabla ya adhuhuri. Hata meli kubwa za kitalii zinapotia nanga Kilindini na kuteremsha mamia ya watu kwa mkupuo, wengi wao huenda mbugani, na waliobaki mjini huzungushwa ndani ya gari. Walichokiona ni kuta alizojenga Mreno. Mji wa Waswahili, uliokuwepo kabla Mreno hajaijua bahari hii, wameupita kwa dirisha.

Chanzo kimojawapo mnakijua. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa wote kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2001 ukafuata mji wa kale wa Lamu, wote, na vichochoro vyake na punda wake. Ilipofika zamu ya Mombasa mwaka 2011, kilichoingia ni ngome. Mji ulio ng'ambo ya barabara, wenye misikiti, milango ya nakshi na roshani za mbao, haukuingia. Sisi wenyewe tulikuwa tumeutangaza kuwa eneo la hifadhi tangu 1990, na sheria ndogo za ujenzi zikawekwa. Lakini tangazo la gazeti la serikali halizibi mtaro wala halizuii nyumba kubomolewa usiku. Matokeo yake ni haya tunayoyaona: upande mmoja wa barabara pana lango, tiketi, bustani na askari; upande wa pili mgeni anaachwa akisie.

Siisemi ngome vibaya. Yastahili nusu ya siku, tena ya mtu asiye na haraka. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, mwana wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa na Wareno wakamwita Dom Jerónimo, aliwageuka walezi wake na kuitwaa. Kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698 ilizingirwa na Waomani, na walionusurika ndani walikuwa wachache mno. Jahazi la kivita la Wareno, Santo António de Tanná, lilizama papo hapo chini ya kuta mwaka 1697, na wapiga mbizi wakaanza kuopoa mabaki yake 1977. Waingereza wakaigeuza jela tangu 1895 hadi 1958. Wapo wazee wetu waliosimuliwa na baba zao jinsi kulivyokuwa ndani. Ukuta wa kuzuia mawimbi yaliyokuwa yakila mwamba chini yake umejengwa, na kwa hilo mwastahili shukrani. Ila mgeni akiyasikia yote hayo kisha akapandishwa basi, amesikia habari za waliokuja kuugombania mji, na mji wenyewe hakuuona.

Niruhusuni niwatembeze kama nilivyowatembeza jamaa zangu waliotoka Tanga likizo iliyopita: mamangu mdogo aliyepita miaka sabini, mwanawe, na wajukuu wawili wa shule ya msingi. Wao ni Waswahili wa pwani kama sisi, si wa kushangazwa na mlango wa nakshi. Walitaka kuona mji ambao bibi yao aliolewa kutoka.

Tulitoka ngomeni tukashika barabara ya Mbarak Hinawy kuelekea bandari ya kale. Hatua za mwanzo tu, mama mdogo aliniuliza kwa nini hakuna pa kukanyaga. Swali la haki. Njia ni nyembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili, tuktuk na bodaboda zapita katikati, na mtembea kwa miguu hujibanza ukutani kila baada ya dakika. Watoto tuliwashika mikono muda wote. Njia ile ilijengwa kwa watu na mikokoteni. Gari mbili zikikutana hapo, mmoja hurudi nyuma na wote hupiga honi.

Tukafika msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa 1570, na mnara wake mweupe wenye umbo la pia, ulioinama kidogo. Kijana wetu wa Tanga aliswali ndani. Wanawake na watoto tukasubiri nje juani. Hakuna kibao cha maana kinachomwambia mpita njia anatazama nini, wala kinachomweleza asiye Mwislamu mahali pa kusimama na wakati wa kunyamaza. Kwa hiyo mtalii huingiza kamera mlangoni wakati wa swala, waumini huchukia, naye huondoka akidhani watu wa hapa ni wakali. Maneno manne matano ukutani, kwa Kiswahili kwanza na lugha nyingine chini yake, yangeliondoa jambo hilo kabisa.

Na hapo msikitini nataka kuwakumbusha jambo. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alilala Mombasa usiku mmoja. Katika machache aliyoyaandika juu yetu, alitaja kwamba kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, na chombo cha mti cha kutekea, na kitambaa cha kufutia miguu. Karibu miaka 700 iliyopita mgeni alikuta maji mlangoni mwetu. Leo mgeni anayetembea kutoka ngomeni hadi Marikiti hatakuta choo cha umma kinachofaa njia nzima, na akiona kiu atanunua chupa ya plastiki ambayo nayo hakuna pipa la kuitupia. Wajukuu walipobanwa, tulibisha nyumba ya watu tusiowajua. Walitufungulia, na hata uso hawakukunja. Lakini waheshimiwa, adabu ya mama wa mtaa wa Kibokoni si idara ya serikali, na si haki kuifanya hivyo.

Huwa nasikia Mombasa ikiitwa tambarare. Asemaye hivyo hajashuka kutoka Ndia Kuu kwenda majini. Mji wa Kale umekaa juu ya mgongo wa mwamba. Ndia Kuu yapita juu, na vichochoro vyateremka kwa kasi hadi bandarini, vingine kwa ngazi. Si milima ya Taita, lakini kwa mtu mwenye goti bovu, adhuhuri ya Januari, kupanda kurudi juu ni kazi ya kutweta. Ngazi za Leven ndizo zilizotushinda. Ziko kando ya Leven House, nyumba iliyobeba jina la meli ya Kapteni Owen, yule Mwingereza aliyekuja 1824 Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walipotafuta ulinzi dhidi ya Sultani Said wa Oman, na ulinzi wenyewe ukadumu hadi 1826 tu. Watu wa namna nyingi wamepita nyumba hiyo. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, ni mmoja wao. Chini ya ngazi pana kisima cha maji matamu ambacho watu hukitaja kwa jina la Vasco da Gama, aliyetufikia Aprili 1498 akaondoka kwa uhasama kwenda kuungana na Malindi. Mahali hapo pana habari za kumweka mtoto kimya kwa saa nzima.

Tulizikuta ngazi zimelika kingo, zimeota utelezi, hazina mshiko wa kushika, na pembeni mna taka zilizoletwa na maji ya mvua. Mama mdogo alishuka hatua chache akasema, "Mwanangu, nendeni ninyi, mtanisimulia." Akakaa juu kwenye baraza ya nyumba ya watu, na mwenye nyumba akamletea mkeka na maji ya mtungini. Watoto walishuka, wakaona bahari, wakarudi kwa sababu harufu chini ilikuwa haivumiliki. Kisima hawakukiona.

Hapo ndipo nilipokata shauri kuandika. Mwanamke aliyezaliwa pwani, ambaye nyanyake alitoka mji huu huu, amefika hadi ukingoni na kuzuiwa na hatua kumi na kitu za mawe mabovu. Gharama ya kuzitengeneza, kuziwekea chuma cha kushika na kuzifagia kila asubuhi haiwezi kuwa mzigo kwa mji wenye bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki.

Miji yenye miteremko imelikabili jambo hili zamani. Lisbon, ambako ndiko zilikotoka meli zilizotuletea ngome, ni mji wa vilima saba. Mtaa wake wa Alfama, ulionusurika kwenye tetemeko la 1755, ni vichochoro na ngazi tupu chini ya ngome ya São Jorge, na hata hivyo wazee na wageni huuzunguka kutwa. Ziko tramu ndogo zinazopanda vilimani, iko lifti ya chuma ya Santa Justa tangu 1902, na kwenye kila mwinuko wenye mandhari wametengeneza mahali pa kutua: ukuta wa kuegemea, viti, kivuli, mtu anauza kahawa. Hatuhitaji tramu wala lifti. Tunahitaji hayo ya mwisho. Juu ya ngazi za Leven, mbele ya bandari ya kale, nje ya ngome upande wa bahari: sehemu tatu za kukaa, zenye mti au paa la makuti. Kahawa tungu na kashata zitajileta zenyewe. Wauza kahawa wetu hawajawahi kuhitaji kufundishwa mahali pa kusimama.

Pale bandarini tulikutana na katazo la picha. Askari mmoja alituambia haturuhusiwi, mwingine akasema twaweza tukitoa kitu kidogo. Sitaji sare ya yeyote. Kama pana sababu ya usalama, iandikwe kibao na ifuatwe na wote; kama haipo, waacheni watoto wapige picha majahazi. Bandari ile ni mojawapo ya mahali pachache palipobaki ambapo mtoto anaweza kuona chombo cha mbao kikishusha mzigo, akaelewa kwa macho kwamba pepo za kaskazi na kusi ndizo zilizouleta mji huu pamoja.

Sasa nije kwa jambo zito zaidi, nalo ni nyumba zenyewe, maana njia ya kutembea bila nyumba za kutazama ni barabara tu.

Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikashikizwa kwa chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa, na chokaa huuachia upite. Ukija ukaupaka saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi hupanda, jiwe huoza likageuka mchanga nyuma ya plasta inayong'aa. Nyumba nyingi zinazoanguka Kibokoni, Mkanyageni na Kuze zinaangushwa na matengenezo ya namna hiyo, yaliyofanywa kwa nia njema na watu waliokuwa na pesa ya saruji tu. Mafundi wanaojua kuchoma chokaa na kuiozesha wamezeeka. Boriti nazo zimekuwa adimu kwa kuwa ukataji wa mikoko umedhibitiwa, na ni haki udhibitiwe.

Pamoja na hayo, nyumba nyingi ni za mirathi. Zina warithi kumi, kumi na watano, wengine wako Jeddah, wengine London, wengine hawasemezani. Hakuna mmoja awezaye kutengeneza peke yake. Anakuja mnunuzi mwenye fedha taslimu, warithi wanagawana, na baada ya muda linapanda jengo la saruji la ghorofa nyingi linaloziba upepo wa mtaa mzima. Sheria ndogo za hifadhi zinakataza. Majengo yanapanda. Ninyi mnajua, na sisi tunajua, kwamba ghorofa haimei usiku mmoja.

Ninachoomba hapa si vitisho kwa wenye nyumba. Anayetengeneza kwa chokaa na mbao kama ilivyokuwa asamehewe ada ya kibali na apunguziwe kodi ya kiwanja kwa miaka ya matengenezo. Warithi wapewe ushauri wa sheria bila malipo ili waweze kuisajili nyumba kama mali ya ukoo au wakfu. Wazee wachache waliobaki na ufundi walipwe kuwafundisha vijana, kwenye nyumba halisi na si darasani. Na yule anayejenga ghorofa bila kibali asimamishwe kwenye msingi, si kwenye paa. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja iliporomoka na kuua watu, nayo ilikuwa ndani ya mji ulioorodheshwa na dunia, kazi ya ukarabati ikiendelea. Ikiwa jumba lile limeanguka, zetu zisizo na orodha wala ukarabati zitasubiri nini?

Nimesema kuhusu wageni, na najua baadhi ya jirani zangu watauliza: ya nini kutuletea umati? Wana haki. Mji wa Kale si makumbusho. Watu wanazaliwa humo, wanaolewa humo, jeneza linapita vichochoroni likibebwa mabegani. Mama aliyekaa barazani kwake na kanga ya ndani hapaswi kuamka na kukuta kamera puani. Wasichana wakitoka madrasa wasigeuzwe mandhari. Twajua yaliyowakuta wenzetu wa Mji Mkongwe, ambako nyumba nyingi zimegeuka hoteli na wenyeji wengi wamehamia Ng'ambo, nje ya mji huo. Mombasa bado ina bahati: mji wetu umejaa wenyewe. Kwa hiyo njia ya matembezi ipangwe na wakazi, mtaa kwa mtaa. Ziko njia ambazo wageni watapitishwa, na viko vichochoro vya ndani vitakavyoachwa kwa wenye navyo. Saa za swala ziheshimiwe. Namna ya kuvaa na kupiga picha iandikwe tiketini na kibaoni, kwa upole. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee; basi mwenyeji apone kweli. Sehemu ya kiingilio cha ngome irudi mtaani, ionekane kwenye taa na mitaro. Waongoza wageni watoke Kibokoni na Kuze, wasomeshwe, wapewe vitambulisho, ili mgeni asivamiwe mlangoni na watu watano wanaogombania mkono wake. Chakula cha mchana kiwe cha kina mama wa mtaani: pilau, samaki wa kupaka, mahamri na mbaazi kwa anayeamka mapema.

Magari nayo yanataka uamuzi. Naomba Ndia Kuu na Mbarak Hinawy zifungwe kwa magari siku za Jumamosi na Jumapili, tangu asubuhi hadi adhuhuri, isipokuwa kwa wagonjwa, wazee, maiti na mikokoteni ya wafanyabiashara. Jaribuni kwa muda, mtuulize, kisha muamue.

Twafika kwa swali ambalo hukwamisha kila kitu: nani mwenye kazi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limewapa serikali kuu mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti zikapewa barabara zake, taka, na utalii wa mashinani. Kwenye karatasi inaeleweka. Mtaani, mfuniko wa mtaro ulipoibiwa karibu na kwetu, jirani walikwenda ofisi moja wakaelekezwa nyingine, na ya pili ikawarudisha ya kwanza, mpaka mzee mmoja akafunika shimo kwa mlango wa zamani wa jikoni kwake. Zanzibar waliunda mamlaka moja ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe tangu 1985. Ina upungufu wake, lakini mwenye shida anajua mlango wa kubisha. Nasi tuwekeeni mlango mmoja, ndani ya Mji wa Kale wenyewe, wenye mtu wa kaunti na mtu wa mambo ya kale wamekaa meza moja, na mhandisi, na daftari la malalamiko ambalo mkazi yeyote anaweza kulifungua na kuona lini lake lilijibiwa.

Nataka kuwa mkweli kwenu pia kwa mlilolifanya vyema. Bustani ya Mama Ngina ilipofunguliwa upya Oktoba 2019 wengi tulikuwa na wasiwasi, na mengine tuliyapinga. Lakini jioni ile, baada ya kuchoshwa na mji, ndipo jamaa zangu walipopumua. Mama mdogo alikaa chini ya mbuyu, palikuwa na kivuli, pa kukaa na pa kujisaidia. Watoto walikula viazi vya karai na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wakahesabu makontena kwenye meli iliyokuwa ikikata mlango wa bandari karibu kiasi cha kuona mabaharia. Mkiweza pale, mwaweza na juu ya ngazi za Leven, ambako nafasi yenyewe ni ndogo na kazi ni chache.

Na watoto wa hapa. Kuna watoto Likoni, Kisauni, Changamwe na Mikindani wanaovuka kivuko au daraja kila siku, na hawajawahi kuingia ngomeni wala kuona mnara wa Mandhry. Wekeni siku moja kila muhula ambapo mwanafunzi wa shule ya umma ya Mombasa na mzazi mmoja wataingia bure, watembezwe mji wote na waongozaji wanaozungumza Kiswahili, na wafike hadi kisimani.

Masika yako mbele yetu. Mvua za Machi zikianza, ngazi zitapitika kwa mbuzi tu na mitaro itarudisha taka zote vibarazani. Kwa hiyo naomba jibu kabla ya hapo, na jibu ninalolitaka si barua. Njooni Jumamosi moja asubuhi, saa mbili, mlango wa ngome. Njooni wote, wa kaunti, wa serikali kuu na wa utalii, pamoja na mhandisi mwenye kipimo cha kamba na mtu wa afya ya mji. Acheni magari Treasury Square. Wazee wa mitaa watakuwepo, wavuvi watakuwepo, na kina mama wa Kibokoni wameahidi chai. Tutashuka kwa Mbarak Hinawy, tutapita bandarini, tutapanda kwa ngazi za Leven na kurudi kwa Ndia Kuu, na kila pahali palipoharibika tutawaonyesha, muandike nani kati yenu atakayepatengeneza na mwezi gani.

Wenu katika heshima,

Mkazi wa Kibokoni,
Mji wa Kale, Mombasa